Karuta ya mashindano: seti tatu za kadi, na spika inayoamua mechi

Anayeanza karuta ya mashindano, mchezo wa Kijapani wa kunyakua kadi za mashairi, akiwa Kampala hukabiliwa na manunuzi mawili, na wengi huyapa uzito kinyume. Kitita hutolewa kwa boksi zuri la kadi kutoka Japani, halafu usomaji wa mashairi hupitishwa kwenye kispika cha bei ya chini kutoka duka lolote la simu katikati ya mji. Mchezo huu huamuliwa na sikio kabla ya mkono. Kadi za wastani zenye sauti safi zitakufundisha. Kadi bora zenye sauti inayomeza herufi zitakufundisha kubahatisha.

Tathmini hii inahusu seti tatu unazoweza kuzipata ukiwa Uganda: seti ya mashindano yenyewe, seti ya rangi tano ya shuleni, na seti ya kujichapishia Nasser Road, mtaa wa wachapaji wa Kampala. Baada ya hapo inakuja sauti, na huko ndiko tutakakokaa zaidi. Kwa wenye haraka: watu wawili wanaoanza wachukue rangi tano, kundi la wanne au zaidi linunue seti ya mashindano, moja tu, na sababu iko chini, Nasser Road iwe ya kuongezea.

Kwanza mchezo, kwa asiyeujua. Msingi wake ni Hyakunin Isshu, mashairi 100 ya washairi 100, mkusanyiko wa karne ya 13 unaohusishwa na mshairi Fujiwara no Teika. Kwa kawaida shairi lina mizani 31: nusu ya juu ni 5-7-5, nusu ya chini ni 7-7. Boksi lina kadi 200. Kadi 100 ni za msomaji, zenye shairi zima na picha ya mshairi. Nyingine 100 ni za kunyakua, na hizo zina nusu ya chini tu, kwa herufi za Kijapani za hiragana. Mechi ya wawili hutumia kadi 50 za kunyakua, 25 kila upande, zikiwa zimetazama juu. Zile 50 nyingine hukaa pembeni, lakini mashairi yake husomwa vilevile ili kuwategea wenye pupa. Msomaji akianza nusu ya juu, unapiga kadi yenye nusu ya chini ya shairi hilohilo. Ukiinyakua upande wa mpinzani, unampa moja ya kwako. Wa kwanza kubaki bila kadi upande wake ameshinda.

Hakuna anayengoja nusu ya juu iishe. Kila shairi lina kimariji chake, yaani idadi ya mizani zinazotosha kulitofautisha na mengine yote. Mashairi 7 hujulikana kwa mizani moja: mu, su, me, fu, sa, ho, se. Mashairi 42 huhitaji mizani mbili, 37 tatu, 6 nne, 2 tano, na 6 hukungojesha mpaka mizani ya sita. Mfano wa hayo ya mwisho ni yale mawili yanayoanza na Asaborake: hujui ni lipi mpaka usikie kama kinachofuata ni a au u. Tena hesabu hii haisimami. Mashairi yanayoanza na u ni mawili tu, moja likianza na Ura na jingine na Uka. Ura likishasomwa, Uka halina tena wa kuchanganywa naye, na u peke yake inatosha kuipiga kadi. Asiyefuatilia yaliyokwisha kusomwa atakuwa bado anangoja ka wakati kadi imeshafika ukutani.

Kadi

Kadi zinazotumika kwenye mashindano rasmi Japani ni za Oishi Tengudo, watengenezaji wa kadi wa Kyoto. Kila moja ina takriban milimita 73 kwa 52. Mgongo wake ni karatasi ya kijani iliyokunjwa kuzunguka ukingo mpaka upande wa mbele, ikaacha fremu nyembamba. Fremu hiyo ina kazi. Kadi ya karuta hupigwa kwa ncha za vidole, huruka, hugonga ukuta na kuangukia pembe. Iliyokatwa tu kwa mashine huanza kuachana matabaka pale pembeni, ila iliyofungwa kwa karatasi ya mgongo hudumu. Maandishi ni makubwa, mistari mitatu ya wima kuanzia kulia, kwa kawaida herufi 5, 5 na 4, bila zile alama zinazogeuza ka kuwa ga au ta kuwa da. Anayejifunza hiragana kwa vitabu vya kawaida hukwama hapa siku za mwanzo, maana anasikia ga na macho yanaona ka.

Kitu cha pili kinachowakwaza wageni wa seti hii hakimo kwenye boksi. Kadi 25 za mpinzani zimekutazama kichwa chini. Nusu ya mchezo ni kuzisoma hivyo, kwa hiyo tangu wiki ya kwanza pindua nusu ya kadi unapojifunza. Aliyezizoea zikiwa wima tu hulinda upande wake vizuri na hashambulii kabisa, kisha anadhani ana mkono mzito.

Udhaifu wa karatasi hii kwetu ni unyevu. Msimu wa mvua, kadi zilizoachwa wazi mezani hujikunja. Kadi iliyojikunja huinua ukingo, kidole hunasa, na ulipotaka kufagia kadi moja unabeba tatu. Zifungeni kwa mpira mpana kwa mafungu ya 25, kadi mbili za nje zikitazamana uso kwa uso, mziweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana. Mikono ya jasho nayo huacha weusi kwenye fremu. Taulo kavu kando ya kila mchezaji inatosha. Kitambaa chenye maji kisiguse kadi.

Sasa sababu ya kununua seti moja kwa watu wanne. Mechi moja hutumia 50 na kuacha 50. Mpe jozi ya pili hizo zilizobaki. Msomaji ni mmoja, na kila shairi linalosomwa lina kadi yake kwenye mechi moja na ni mtego kwenye nyingine. Jozi mbili, boksi moja. Shida pekee ni kadi zinazoruka na kuingia kwenye mechi ya jirani, kwa hiyo acheni nafasi ya mita mbili au wekeni benchi katikati. Mechi zikiisha, changanyeni zote 100 tena kabla ya kugawa, la sivyo kila jozi itakariri hamsini zake.

Jihadhari na unachoandikiwa mtandaoni. Jina karuta hubeba michezo mingi. Ukiona kadi 48 za maua na miezi, hiyo ni hanafuda, ambayo ndiyo Nintendo ilianza nayo mwaka 1889. Ukiona kadi za methali zenye herufi moja kubwa pembeni, hiyo ni iroha, ya watoto. Kadi za mbao ni za Hokkaido, ambako husomwa nusu ya chini peke yake, na mazoezi ya kimariji hayana pa kushika. Seti za zawadi zenye mwandiko wa kale uliounganishwa ni nzuri ukutani. Mwenye miezi sita ya hiragana hatazisoma kwa kasi inayotakiwa. Muulize muuzaji jambo moja: kadi za kunyakua zina hiragana ya kawaida, bila picha? Akisita, acha.

Seti ya rangi tano hugawa mashairi 100 katika makundi matano ya 20. Mnacheza rangi moja, kadi 10 kwa 10. Nyuma ya kadi ya kunyakua imechapwa nusu ya juu, kwa hiyo mtu anajisomea peke yake bila kitabu: tazama mbele, taja mwanzo wa shairi, geuza, hakiki. Kwa shule au familia hakuna kinachoishinda. Inavyodanganya ni kwenye kimariji. Ukicheza na mashairi 20 tu, mengi hayana mwenzake uwanjani, na sikio linazoea kuondoka kwenye mizani ya kwanza. Siku ya kupanda kwenye 100, mkono huondoka mapema na makosa yanamiminika. Dawa ni kuchanganya rangi mbili mapema, halafu tatu, badala ya kukamilisha rangi moja kwa ufasaha ndipo ufungue nyingine.

Nasser Road ni habari ya hesabu. Mkusanyiko ni wa karne ya 13, kwa hiyo unaandaa faili lako mwenyewe bila kunakili kazi ya mtu. Karatasi ya A3 inachukua kadi 25 za milimita 52 kwa 73, tano kwa tano, na nafasi inabaki pembeni kwa ajili ya mashine. Karatasi nne, kadi 100. Usikubali kubanwa kwenye A4: 16 zinaingia kwa kipimo, ila zinaacha milimita moja kila upande wa upana, na mashine itakata maandishi. Chapa kwenye karatasi ngumu ya gramu 300 isiyong'aa. Tabaka moja ni jepesi mno, hupeperuka badala ya kuteleza, kwa hiyo gundisha matabaka matatu kwa gundi nyeupe ya mbao iliyopakwa nyembamba kwa roli. Weka chini ya matofali au vitabu usiku mzima, kisha ndipo ikatwe kwa gilotini. Ukikata kwanza ukagundisha baadaye, kingo hazitalingana.

Yanayoharibika ni matatu. Karatasi ina mwelekeo wa nyuzi. Matabaka yakigundishwa nyuzi zikipishana, kadi hujipinda ikikauka, kwa hiyo mwambie fundi aweke karatasi zote upande mmoja. La pili ni laminesheni, ambayo kila duka litakupendekezea. Ikatae. Plastiki hung'aa chini ya taa, na mtu aliyepiga magoti haoni maandishi ya safu ya mbali. La tatu huja baada ya miezi: kingo zisizofungwa huchakaa kila moja kwa namna yake, na macho huanza kuitambua kadi kwa kovu lake badala ya maandishi. Kwa kuwa kadi zote zimetazama juu, huo si udanganyifu, ila ni mazoezi yaliyopotea. Ukikaa mbele ya kadi ngeni unakuwa kama hujawahi kucheza.

Sauti

Usomaji sahihi una umbo maalumu. Kwanza husomwa shairi la utangulizi, Naniwazu, ambalo halimo kwenye yale 100. Kazi yake ni kulizoesha sikio sauti ya msomaji wa siku hiyo. Baada ya hapo, kila mzunguko huanza na nusu ya chini ya shairi lililopita, kwa takriban sekunde 4, neno la mwisho likivutwa kwa sekunde 3, kisha kimya cha sekunde 1, ndipo nusu ya juu ya shairi jipya. Mwili wa mchezaji hujipanga kwa kufuata huo mvuto na kile kimya. Rekodi yoyote inayokosa umbo hili inafundisha mchezo mwingine.

Kosa la kawaida ni kupakua mashairi kama faili 100, kila moja na shairi zima, kisha kubonyeza "changanya" kwenye programu ya muziki. Kimya kati ya faili hakilingani: mara nusu sekunde, mara mbili. Programu nyingine hufifisha mwisho wa faili moja juu ya mwanzo wa nyingine. Kubaya zaidi ni spika ya bluetooth. Mkondo ukikatika kati ya faili, spika nyingi hujizima kwa muda ili kuokoa betri, na zikiamka hula kipande kidogo cha sauti inayofuata. Kwenye muziki hutaona. Kwenye karuta, kilicholiwa ndicho kimariji: su inakuwa u, na mpinzani wako anapiga Uka. Kwa umbo sahihi spika ikimeza, itameza mwanzo wa nusu ya chini ya shairi lililopita, ambao hauna madhara. Basi tumieni programu ya simu iliyotengenezwa kwa karuta, au unganisheni faili kuwa moja ndefu yenye mpangilio wa nasibu, mtengeneze kama kumi hivi ili zisikaririwe. Waya wa jeki ni bora kuliko bluetooth kila mara.

Halafu kuna besi. Spika nyingi zinazouzwa mjini zimetengenezwa zitikise chumba. Sauti ya s hukaa juu, kuanzia takriban hezi 4,000 kwenda juu, na spika iliyojaa besi huifunika. Su, sa na se zinafanana na fu na ha zilizosemwa na mtu mwenye mafua. Zima kitufe cha besi, ondoa kava la kitambaa kama linatoka. Kabla ya kulipa, cheza dukani rekodi ya sauti ya mtu asiyeimba, usimame mita tatu, uigeuzie spika mgongo. Kama unazitofautisha s na f bila kufikiri, nunua. Ukubwa hauna maana hapa. Spika ya saizi ya mkate mdogo inatosha chumba cha jozi nne.

Iwekwe ubavuni, umbali sawa kwa wachezaji wote wawili, kwenye kiti na si sakafuni. Ikiwa nyuma ya mmoja, tatizo si kwamba sauti inachelewa kumfikia mwenzake, maana mita moja ni kama milisekunde 3 tu. Tatizo ni mwili wake, unaozuia sauti za juu. Simu iwe kwenye hali ya ndegeni, la sivyo ujumbe wa WhatsApp utalia kwenye kile kimya cha sekunde moja. Mvua ikianza juu ya mabati, simamisheni mechi. Kuongeza sauti hakusaidii, kwa sababu kelele ya mvua inakaa kwenye masafa yaleyale ya s.

Hapa ndipo penye kile ambacho watu hukiita kipaji. Sema "simu", kisha "sumu", polepole. Midomo hujikunja kwa ajili ya u wakati s bado inatoka. Kwa hiyo s ya su na s ya sa ni tofauti kabla irabu haijafika, na mchezaji mwenye sikio kali huondoka kwenye tofauti hiyo. Wapo wanaoisikia tangu siku ya kwanza na wapo wanaohitaji mwaka. Msemaji wa Kiswahili anaanza mbele kidogo: irabu ni zetu zilezile tano na karibu kila mizani inaishia kwa irabu. Vikwazo vyake ni tsu na fu ya Kijapani, inayopulizwa kwa midomo miwili bila meno na kwa hiyo inaelekea hu. Zichezeni hizo peke yake dakika tano kila mara kabla ya kuanza.

Kipaji hicho kipo, ila kinauzwa ghali kuliko thamani yake. Watu hupenda kumtaja Kusunoki Saki, aliyetwaa taji la Queen, la juu kabisa kwa wanawake, mwaka 2005 akiwa na miaka 15. Sawa, sikio la miaka 15. Lakini alilitwaa mara 10 mfululizo, na sikio peke yake halimpi mtu miaka kumi mbele ya wapinzani wanaokaa mwaka mzima wakisoma mpangilio wake wa kadi.

Uwanja, na kinachofanywa juu yake

Upande wa kila mchezaji una upana wa sentimita 87 na safu tatu. Sentimita 1 kati ya safu, 3 kati ya pande mbili. Uwanja wote kwa kina haufiki sentimita 51. Weka alama kwa utepe wa karatasi, usitumie chaki, kwani vumbi lake huganda kwenye kadi. Tatami, mikeka minene ya Kijapani, hatuna. Mkeka wa plastiki unateleza mno, kadi zinaishia chini ya makochi. Mati ya mazoezi ya mpira huzishika kadi na kuumiza vidole. Kinachofaa ni mkeka wa majani uliosukwa kwa kubana, juu ya blanketi lililokunjwa mara moja kwa ajili ya magoti. Mishono ya ukili iende sambamba na safu, wala safu isikae juu ya mshono: kadi iliyo juu ya mshono hucheza, na vidole vikija hukwaa. Kucha fupi, pete na saa pembeni. Mikono miwili inafikia kadi moja kwa wakati mmoja, na damu hutoka kwa kucha kuliko kwa chochote kingine.

Mnapewa dakika 15 za kukariri uwanja, na mbili za mwisho zinaruhusu kupiga hewani. Kuzipanga kadi zako 25 ni uamuzi wako, na mchezaji wa omweso, bao la Uganda, atalielewa hili upesi, maana kete 32 zilizopangwa vibaya humaliza mechi kabla ya hatua ya kwanza. Kila mtu awe na nafasi yake ya kudumu kwa kila kadi kati ya 100, iandikwe daftarini, isibadilishwe ovyo. Anayepanga upya kila mechi hutumia zile dakika 15 kujikariri mwenyewe badala ya kumkariri mpinzani.

Kanuni ya kugusa ndiyo inayotawala mpangilio. Ukigusa kadi isiyo sahihi kwenye upande uleule ilipo sahihi, si kosa. Ukigusa upande ambao kadi iliyosomwa haipo, au shairi lililosomwa halimo uwanjani kabisa, ni kosa, na mpinzani anakukabidhi kadi yake moja. Yeye amepungua moja, wewe umeongezeka moja. Pengo limesogea kwa mbili. Kwa hiyo anayeanza aziweke kadi pacha zake pamoja, kwa mfano Chigiri mbili zinazoachana kwenye mizani ya nne, azifagie kwa pigo moja bila kungoja. Mpinzani anayekuja kushambulia naye anaweza kuzifagia, ila mkono wako uko karibu zaidi. Ukianza kumudu, geuza: ikipatikana nafasi ya kutoa kadi, mpe mpinzani moja ya pacha. Sasa pacha ziko pande mbili, na mwenye haraka kuliko usikivu atakosea mbele yako.

Uchaguzi wa kadi ya kutoa ndio unaotenganisha wachezaji wa Kampala zaidi ya kasi. Wengi hutoa kadi wasiyoipenda. Kadi bora ya kutoa ni ile utakayoweza kuirudia kuishambulia: ya kimariji kifupi kama una sikio, ndefu kama una subira. Usimpe kadi ya mizani moja mtu aliyekuzidi sikio. Atakaa nayo pembeni mwa mkono wake mpaka mwisho. Na mwisho huo, mkibaki kadi moja kwa moja, kila mtu hulinda ya kwake na mara nyingi msomaji ndiye anayeamua. Anayefika pale kila mechi na kulalamikia bahati angehesabu kwanza makosa yake ya mkono katika kadi ishirini za mwanzo.

Mazoezi ya kila siku hayahitaji mpinzani. Changanya kadi 100 za kunyakua, zigeuze moja moja ukitaja kimariji tu, saa mkononi. Ukishuka chini ya dakika 2, anza kucheza mechi kamili. Ukikaribia dakika 1, kumbukumbu imeacha kuwa tatizo lako. Jifunze kwa makundi ya herufi ya kwanza: zile 7 za pekee, kisha jozi tano za u, tsu, shi, mo na yu, halafu i, chi, hi na ki zenye tatu tatu, ukiacha a yenye mashairi 16 iwe ya mwisho. Mkono ufundishwe bila kadi: kutoka nyuma ya safu yako ya chini, ukipita juu ya mkeka bila kuinuka, hadi pembe nne za uwanja. Unaoinuka kwanza ndipo ushuke huchelewa kwa kila kadi.

Kuhusu kuagiza: bei ya boksi ni sehemu tu. Ongeza usafiri kutoka Japani, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18, ambavyo pamoja vinaweza kukaribia bei ya kadi zenyewe. Agizeni kwa pamoja, na muulize kama kadi za kunyakua zinauzwa bila za kusomea. Chumba chenye programu ya sauti hakina haja ya seti ya pili ya kadi za msomaji, na uzito wa kifurushi unapungua kwa nusu.